Mgomba Uliokuwa Baba Mdogo

Siku hizi harusi haijawa harusi mpaka langoni pasimamishwe migomba miwili, imekatwa mbichi asubuhi hiyo na kufungwa utepe. Juzi nilikokotwa kwenda kwenye harusi ya mjukuu wa dada yangu huko Yamumbi. Nasema nilikokotwa kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi banda la kuku, na hata hiyo napumzika katikati. Basi nilipofika langoni, harufu ya utomvu wa mgomba ikanipanda puani, ile harufu ya maji mabichi yenye ukakasi, kama chuma kilicholowa, na miguu ikakataa. Vijana wa mapokezi wakadhani ni magoti, wakaniletea kiti. Nikakaa hapo langoni kama askari wa zamu, nikawaambia naota jua. Ukweli sikuwaambia, maana ungewaharibia harusi: nilikuwa nasubiri mmoja wa ile migomba aitikie salamu yangu.

Wenzangu ambao meno yenu sasa yanalala ndani ya kikombe, ninyi mtanivumilia. Tulikulia wakati ambapo mambo makubwa ya dunia yalifika Eldoret yakiwa yamechoka, kama ng'ombe waliotembezwa kutoka mbali, na sisi watoto tukaokota yaliyodondoka. Vita vya Bama, vile vya wazungu na Mjapani, vilinifikia mimi hivyo. Nilijua kwamba kuna mto. Nilijua mto huo umeikata nchi katikati, upande huu ni wetu, upande ule ni wa Mjapani, na kila mmoja anamchungulia mwenzake kwenye nyasi. Na nilijua Baba Mdogo Wafula, ndugu mdogo wa baba yangu, yuko huko na bunduki. Hakuna aliyefikiria kuniambia kwamba mto huo uko ng'ambo ya bahari. Mimi nilikuwa najua mto mmoja tu duniani, Sosiani, ambao ulipita nyuma ya nyumba yetu. Ulitaka mtoto afanye nini? Nilijumlisha.

Tuliishi kwenye shamba la Kaburu mmoja, chini ya mji, mahali Sosiani unapoacha haraka zake na kuanza kuzunguka-zunguka kwenye mawe. Baba alikuwa nyapara wa wakamuaji. Nyumba zetu za laini, yaani safu za wafanyakazi, zilikuwa za udongo, milango mifupi, na asubuhi baridi ilikuwa inauma mpaka ukiona ng'ombe anakojoa unatamani kusogeza miguu hapo upate joto. Msicheke, mlisogeza. Moshi wa kuni za miwati, maziwa yaliyochacha, samadi: ukinifumba macho leo ukanipitisha hapo, nitakwambia tumefika kwenye zizi gani. Sisi tulikuwa wageni kule, watu wa magharibi tuliofuata kazi. Kukhu, yaani nyanya yangu, mama mzazi wa Baba na wa Wafula, alikuja kutoka nyumbani kututembelea akakataa kurudi, kwa sababu alisema habari za mtoto wake zitafika kwa wazungu kwanza, na wazungu wako huku.

Zikafika kweli. Bwana mwenye shamba alimkuta Baba kwenye banda la kukamulia, akamwambia kwa Kiswahili chake kile cha kuamrisha farasi: "Ndugu yako, maji nachukua yeye. Kule Bama. Pole." Halafu akauliza kama ndama wa jana ameshanyonya. Baba alimaliza kukamua. Mama ndiye aliyesimulia hilo baadaye, kwamba alimaliza ng'ombe wote, na maziwa yake siku hiyo yalimwagika zaidi ya yaliyoingia kwenye ndoo.

Kukhu hakupiga kelele nyingi. Alilia mara moja, kilio kirefu kimoja, halafu akaketi karibu na mafiga akaacha kula. Mama alimpikia uji, akamsongea ugali laini kama wa mtoto, akamchemshia mnavu kwa maziwa. Kukhu alikuwa anasukuma sahani kando kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemsogeza paka. Akasema, "Nile, na mtoto wangu hajalala mahali?"

Kwa ukoo wetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, haachwi hivyo hivyo. Hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo yake au blanketi lake, likazikwa badala yake. Shina linaoza, na marehemu anapumzika, na wanaobaki wanaanza kula. Shida ni kwamba nyumbani kwetu mgomba ni kama nyasi, lakini huku Eldoret, kwa baridi ile, mgomba ulikuwa mgeni kuliko hata Kaburu. Baba alizunguka mji mzima. Mwishowe alimpata mtunza bustani wa Mhindi mmoja mwenye duka, ambaye bosi wake alikuwa na migomba michache nyuma ya ukuta kwa ajili ya majani ya kulia chakula. Baba aliona haya kueleza kazi ya mgomba. Akasema tu, "Naomba mmoja." Yule mtunza bustani, mtu mkarimu, akamchimbulia chipukizi zuri na mizizi yake na bonge la udongo, akamfungia kwa gunia, akamwambia aumwagilie.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kila mzee wa kwetu anajua kwamba mgomba wa kuzika hauzikwi pamoja na mzizi. Lakini wazee wa kujua hayo walikuwa nyumbani. Huku tulikuwa na wakamuaji wawili, fundi wa ua na Baba, na wote waliuangalia ule mgomba na mizizi yake wakakuna vichwa. Fundi wa ua akasema, "Si ungekatwa hapa chini?" Baba, ambaye alikuwa ameubeba begani kutoka mjini, akajibu, "Mgomba ni mgomba." Wakauvika koti la zamani la Wafula, wakaulaza ndani ya shimo, wakaanza kufukia, kichwa kikabaki kimechomoza kidogo kwa sababu shimo lilikuwa fupi.

Katikati ya kufukia, Bwana akatokea juu ya farasi.

"Nini hii?"

Baba akavua kofia. Kuzika mtu kwenye shamba lake kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilihitaji maelezo, na maelezo yenyewe, hebu jaribu wewe. "Tunapanda ndizi, Bwana."

Bwana akamtazama Kukhu. "Kwa nini huyu mama nalia?"

"Ni... baridi, Bwana."

"Ndizi hapana ota hapa," Bwana akasema, akigeuza farasi. "Baridi mingi sana. Kazi bure."

Mama akanisukuma mbele. "Muage baba yako mdogo." Nikachungulia. Niliona koti ninalolijua, na ndani yake mgomba. Nikaangalia nyuso za wakubwa nione kama ni mchezo; hakuna aliyekuwa anacheza. Basi nikasema, "Mulembe, Baba," kama nilivyofundishwa kumsalimu mtu mzima, nikarudi nyuma. Tangu siku hiyo nikaelewa kwamba vitani watu wanageuka migomba. Kila kazi ina hatari zake.

Mvua zikanyesha. Na asubuhi moja pale kaburini pakatokea kitu cha kijani kimekunjwa kama karatasi, kesho yake kikafunguka kidogo, na kesho yake kikawa jani. Wakamuaji walikuja kutazama wakaondoka. Fundi wa ua alimwangalia Baba kwa macho ya "si nilisema?" Baba alichukua panga akaenda kulikata, akamkuta Kukhu amekaa hapo, amekunja miguu, analisugua lile jani kwa upande wa kidole gumba.

"Mama, hili si jambo la kawaida."

"Wewe mwenyewe ulimwambia mzungu kwamba unapanda," Kukhu akasema. "Limeota. Niletee uji."

Baba akarudisha panga. Angefanya nini? Mama yake alikuwa ameomba uji.

Basi tukaanza maisha mapya, na Kukhu akaanza kunenepa. Alipeleka masalio ya chai kila asubuhi akayamwaga kwenye mizizi. Alimweleza mambo ya nyumbani, nani ameoa, ng'ombe gani amekufa. Mimi nilipewa kazi ya salamu. Kabla ya kwenda popote nilipita hapo: "Mulembe, Baba." Upepo ukivuma, majani yanatikisika, na hiyo ilikuwa "mulembe" ya kutosha. Nilimpenda Baba Mdogo. Kati ya watu wazima wote wa laini, yeye peke yake hakuwahi kunituma.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyovurugika. Alasiri moja nilikuwa mtoni na Mama tukichota maji. Ng'ambo, upande wa pili, aliishi Mzee arap Bett, Mnandi aliyechunga ng'ombe wakavu wa Bwana, wale wasiokamuliwa, mtu mrefu mwenye masikio ya kuning'inia na mdomo usiolala. Siku zote alitutania. Siku hiyo alisimama ukingoni akapaza sauti, "Mama! Ninyi watu ya kuzika ndizi! Ndizi yenu imetembea mpaka kwangu!"

Nyuma yake, kwenye gogo, alikuwa amekaa mwanamume mwembamba mwenye koti refu la jeshi na kofia iliyokunjwa upande mmoja.

Debe la Mama likaanguka majini likaondoka zake. "Wafula?"

"Shemeji," yule mtu akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Hakusimama. "Shemeji, huyu mzee ananiambia mmenizika. Ni mzaha wake, ama ni kweli?"

Mama akaanza kulia na kucheka, akashindwa kuchagua. "Ni kweli."

"Alilia nani kwanza?"

"Mama yako."

Akavuta kofia mbele. "Basi nitakaa hapa. Aliyeliliwa havuki maji kurudi kwa waliomlilia mpaka aliyelia kwanza amwite. Sitaki kuwaletea kifo mlangoni, nimekiona cha kutosha. Mwambie Mama aniite."

Kumbe haikuwa rahisi hivyo. Baba alikimbia mtoni na mikono yake ya maziwa, ndugu wawili wakatazamana juu ya yale maji, na Baba akamsimulia, na yeye akamsimulia Baba. Nilikuwa nimeshika nguo ya Mama, nikasikia yote. Alisema wao walikuwa upande huu wa mto na Mjapani upande ule. Alisema walipokuwa wakivuka, maji yalimchukua, yakamtupa chini huko kwa kikosi kingine, na kichwa chake kilipigwa na kitu, na alilala hospitali ya India bila kujua jina lake, mpaka likaja lenyewe siku moja akinyolewa ndevu. Alionyesha kwa mkono: "Sisi huku. Adui kule." Na wakati anasema "adui kule," mkono wake ulikuwa unaelekea kwetu, na anaposema "sisi huku," alikuwa amekaa ng'ambo.

Mimi ni mtoto. Nina mto mmoja. Upande wetu ni wetu, upande ule ni wa Mjapani, hilo najua tangu zamani. Mtu huyu anakaa upande ule. Na Baba Mdogo ninamjua, yuko nyuma ya nyumba, ana majani saba. Kwa hivyo huyu ni nani? Nilijumlisha tena. Huyu ni Mjapani, amevaa koti la jeshi letu, amekuja kummalizia pale alipojificha.

Siku chache baadaye, usiku, nasema jioni, maana mimi nililala mapema kama kuku na tabia hiyo sijaiacha, niliwasikia Baba na Kukhu kwenye mafiga. Baba alikuwa ametuma mtu nyumbani kwa mzee wa ukoo, na jibu lilikuwa limerudi kwa mdomo: aliyelia kwanza ang'oe kwa mkono wake kile kilichozikwa, akitupe mtoni, ndipo amwite aliye hai. Naye asiingie kwa mlango. Litobolewe tundu nyuma ya nyumba, aingilie hapo kama mtu anayezaliwa.

"Ng'oa, Mama, tumalize," Baba akasema. "Wafula yuko pale, analala kwa Mnandi."

"Umemgusa?"

"Siwezi kumgusa kabla hujamwita."

"Basi hujui ni nani. Umeona koti. Serikali ina makoti mengi."

"Mama! Ni ndugu yangu!"

"Mwulize fahali wa baba yake alikuwa na alama gani."

Baba akaenda kuuliza kesho yake, akirusha sauti juu ya maji. Jibu likarudi: sikumbuki. Kukhu akatuma swali lingine: nani alimng'oa jino la kwanza? Sikumbuki, Mama, kichwa changu kiliingia maji. La tatu alilijibu, lakini alilijibu vibaya. Alitaja shangazi ambaye alikuwa amekufa kabla yeye hajazaliwa. Arap Bett, ambaye alisimama katikati kama karani wa korti, akacheka: "Hata mimi siwezi pita mtihani ya huyu mama!" Wafula hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Baba alirudi nyumbani amekasirika kweli. Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo nililielewa miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, na siku nyingine naona bado sijalielewa vizuri. "Huyu wa nyuma ya nyumba, nimemzika mwenyewe na ameota mwenyewe. Nikimng'oa kwa mkono wangu, halafu yule awe si yeye, nitabaki na nini? Nimlilie mtoto mmoja mara mbili?"

Siku zikaenda. Mama aliweka kapu la chakula kwenye jiwe kubwa katikati ya mto, arap Bett akalichukua. Mimi nilimchunga Mjapani. Nikaona kitu ambacho wakubwa, kwa kelele zao, hawakukiona: hakugusa maji. Kapu lilipokuwa karibu kabisa na ukingo wake, aliita arap Bett amletee. Akitaka kunawa, aliletewa maji kwenye kibuyu, mbali na mto. Wimbi dogo likimfikia karibu na kiatu, alirudi nyuma hatua kubwa. Nikafurahi sana. Nikajua kwamba Mjapani akigusa maji ya upande wetu anakufa. Lakini kiangazi kingekuja, maji yangepungua, angevuka kwa mawe makavu. Ilibidi nijiandae.

Halafu arap Bett akaleta habari bila utani wowote. Mgeni wake amechoka. Kuna lori linaenda Kitale kesho, linachukua watu wa kazi, na yeye amesema ataondoka nalo, na akienda harudi, kwa sababu mtu aliyezikwa akiondoka mara ya pili hana pa kurudi. Na huko juu mvua ilikuwa inanyesha. Sosiani ulikuwa umebadilika rangi, na lile jiwe la kapu lilikuwa limebaki kichwa tu. Baba alimpigia Kukhu magoti. Kukhu akageuza uso ukutani.

Niliposikia kwamba kesho mtu yule anaondoka, sikuamini hata kidogo. Nilijua ni mbinu. Nikachukua gunia la mahindi tupu nikaenda nyuma ya nyumba nikaanza kumfunika Baba Mdogo, lakini yeye alikuwa mrefu na mimi mfupi, kwa hivyo nilifanikiwa kufunika jani moja na uso wangu mwenyewe. Kukhu akanikuta hivyo.

"Wewe mtoto, unafanya nini?"

"Namficha Baba Mdogo."

"Asionwe na nani?"

"Na Mjapani."

Nilidhani atanichapa. Alikaa chini pale pale kwenye umande. "Mjapani yuko wapi?"

"Ng'ambo. Kwa arap Bett."

"Aha. Na anafanya nini huko?"

"Anakaa tu. Anaangalia huku." Nikaona nimfariji. "Lakini usiogope, Kukhu, hawezi kuja. Anaogopa maji."

"Nani amesema?"

"Nimeona. Maji yakimkaribia anaruka. Hata kunawa analetewa."

Kukhu akanivua gunia usoni. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kukagua ni kosa gani nimefanya. "Anaruka vipi?"

Nikamwonyesha. Nikaruka nyuma, hatua kubwa, mabega juu, mikono imekaza kifuani kama alivyofanya. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha Kukhu akafunika mdomo wake kwa kiganja, akasema, "Kumbe maji yalimchukua kweli," wala hakuutazama mgomba.

Asubuhi yake wanaume walikuwa kwenye kukamua. Kukhu alitoka na fimbo yake, akapita mgomba bila kumwaga chai, akateremka mtoni. Nikamfuata, kwa sababu sikuwa nimemwona akipita hapo bila kusalimu, nikadhani amesahau. Mto ulikuwa wa kahawia, unavuta matawi. Ng'ambo, yule mtu alikuwa amesimama, mfuko wake mgongoni, tayari kwa lori. Kukhu hakumwita. Aliingia majini na viatu vyake vya kanisani.

Mama, kutoka juu, akapiga ukelele. Arap Bett akapaza sauti: "Mama! Rudi! Maji ni mingi!" Kukhu akaendelea, maji yakafika magotini, kisha kiunoni, nguo ikamvimba kama kengele, na fimbo ikaanza kumponyoka. Nikamwona yule mtu ukingoni. Alikuwa kinywa wazi, mikono imekaza kifuani, amesharudi nyuma ile hatua yake. Halafu akaingia. Aliingia na koti na mfuko na kofia, akipiga kelele ambazo hazikuwa maneno, kama ndama anayevushwa kwa nguvu. Kofia ikaenda na maji. Mfuko ukaenda. Na mimi, niliyekuwa nimesubiri afe akigusa maji yetu, nikamwona amefika katikati, hajafa, amemwinamia Kukhu, na Kukhu amempanda mgongoni.

Alikuwa karibu zaidi na upande wa arap Bett, kwa hivyo akageukia huko. Kukhu akampiga fimbo begani.

"Huko ni kwa nani?"

"Kwa arap Bett, Mama."

"Mimi nalala kwa arap Bett?"

Akasimama hapo na maji yanamsukuma. "Mama, sijaitwa."

"Nani amekuita? Nimesema unipeleke nyumbani. Miguu yangu imelowa."

Arap Bett akaweka mikono kichwani. Yule mtu akageuka, akaja upande wetu hatua kwa hatua, meno yakigongana, akapanda ukingo akapita karibu nami. Bila kofia, nikaona kovu limepita kichwani mwake kama njia ya ng'ombe kwenye nyasi. Nikawafuata nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku zote za maisha yangu, na nimechanganyikiwa mara nyingi. Walipofika nyuma ya nyumba akasimama. Mgomba ulikuwa na gunia langu kwenye jani moja.

"Huyu ndiye mimi?" akauliza.

"Ndiye," Kukhu akasema kutoka mgongoni. "Pita kando, usimkanyage."

Akapita kando. Baba alikuwa anakuja mbio kutoka zizini, mikono inadondosha maziwa. "Si kwa mlango!" alipiga kelele. "Mama, mzee alisema si kwa mlango! Ngoja nitoboe nyuma!"

"Kwa hivyo mimi nitaingia nyumbani kwangu kwa tundu, kama panya?" Kukhu akasema. Akamgonga yule aliyembeba kichwani, taratibu, upande usio na kovu. "Inama. Utanigonga na mlango."

Akainama, wakaingia. Baba akabaki nje. Alinyoosha mkono afunge mlango, akaurudisha, akaunyoosha tena. Kisha yeye, mtu mzima, nyapara wa wakamuaji, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa najua kama akiufunga anakifungia kifo nje au ndani.